Gari Lililonyolewa Vitasa

Nasra Mwinshehe alikuwa na sekunde saba.

Gari jeusi, Toyota Crown, lilikuwa limebanwa katikati ya barabara ya Kihonda, Morogoro. Mbele yake lori la mchanga lilikuwa linageuza, nyuma yake basi la abiria. Nasra aliiachia pikipiki yake ikaserereka peke yake hadi mtaroni. Akalikimbilia gari, bastola aina ya Glock mkono wa kulia, mkono wa kushoto umetangulia kuufungua mlango.

Mkono haukushika kitu.

Akapapasa. Bati tupu, laini kama yai la bata. Hapakuwa na kitasa wala tundu la ufunguo, wala hata mkwaruzo wa kuonyesha kwamba kitasa kiliwahi kukaa pale. Akapapasa mlango wa nyuma. Vilevile. Kiganja cha mwanamke kilijibandika kwenye kioo cheusi kwa ndani, kisha ukatokea uso wa Winfrida, mdomo wazi, anapiga kelele ambazo hazikusikika.

Nasra alikipiga kioo kwa kitako cha bastola. Mara moja, mbili, tatu. Akarudi hatua moja akafyatua risasi mbili kwenye pembe ya chini, mbali na uso wa Winfrida. Kioo kilifanya utando mweupe kama wa buibui, lakini hakikupasuka.

Lori likapita.

Dereva wa Crown alirudi nyuma kwa nguvu, akaligonga basi, akakata usukani. Ubavu wa gari ulimpiga Nasra kiunoni na kumtupa juu ya rundo la kokoto. Alipoinua kichwa, Crown ilikuwa imeshapotelea kwenye vumbi upande wa Dumila.

Saa mbili na dakika kumi asubuhi.

Alitema mate yaliyochanganyika na damu, akabonyeza kidude kilichokuwa sikioni.

"Nyegere hapa," alisema kwa jina lake la kazi.

"Sema," ilijibu sauti ya Mzee Eustace, mkuu wa kitengo.

"Evance amekufa. Winfrida wamemchukua."



"Wangapi?"

"Watatu. Mmoja nimemwacha jikoni, hataamka. Leonard mwenyewe alikuwepo, nimemwona."

"Gari?"

"Crown nyeusi. Imenyolewa vitasa, mzee. Haina pa kushika. Kioo hakipitishi risasi."

Robo saa tu kabla ya hapo walikuwa wanakunywa chai. Nyumba ilikuwa ya siri, nyuma ya viwanda vidogo, na Winfrida alikuwa amefichwa humo siku ya tisa. Huyu alikuwa mkemia wa kawaida, mwanamke wa miaka arobaini mwenye miwani, ambaye siku moja alichoma mkuki wake wa kuchukulia sampuli kwenye gunia la mbolea akakuta si mbolea. Ilikuwa baruti ya kutengenezea vilipuzi, imepakiwa kwa ustadi, inapitishwa nchini kwenda kwa watu wanaochoma vijiji ng'ambo ya mpaka. Leonard ndiye aliyekuwa akiipitisha. Kesho asubuhi Winfrida alitakiwa kusimama mahakamani Dodoma, kwenye kesi ya washirika wa Leonard waliokwisha kukamatwa, na kueleza alichokiona.

Evance alikwenda kufungua geti kwa sababu mtu alisema ameleta mtungi wa gesi. Risasi ilimpata kooni. Miaka sita walikuwa wamefanya kazi pamoja, yeye na Nasra, na Nasra hakupata hata nafasi ya kumwita kwa jina. Mtu wa pili aliingia kupitia mlango wa jikoni. Nasra alimmwagia sufuria la uji unaochemka usoni, halafu akammaliza kwa risasi moja. Alipotoka uani, Winfrida alikuwa ameshasukumwa ndani ya gari.

"Kwa nini hawakumuua palepale?" Nasra aliuliza.

"Wanamtaka hai. Wateja wa Leonard wamechoka kununua baruti. Wanataka mtu wa kuwapikia." Mzee Eustace alikohoa. "Tumenasa simu yao. Ndege ndogo itatua saa tisa alasiri kwenye shamba la katani lililoachwa, mbele ya Dumila. Kabla ya saa hiyo watakuwa wamejificha."

"Zungusheni askari."

"Leonard amesema kwenye simu hiyohiyo kwamba gari lina mzigo wa vilipuzi chini ya buti. Akiona kofia ya askari, anabonyeza. Mtambo wa kuzuia mawimbi ya rimoti uko Dar, utafika jua likizama. Mimi sihitaji askari, Nyegere. Nahitaji mlango."

Nasra aliinua pikipiki yake. Honda ya milimani, kioo kimoja kimevunjika, lakini ilikubali kwa pigo la kwanza.

"Nitakutafutia," alisema.

*

Kunyoa gari ni urembo wa vijana wa mjini. Fundi anang'oa vitasa vyote, anakata kipande cha bati sawasawa na tundu, anachomelea, anapaka puti, anasugua kwa msasa mpaka vidole vilie, kisha anapiga rangi. Mlango unabaki kama kioo cha maji. Unafunguka kwa rimoti tu. Wapo wengi wanaojaribu, na kazi zao unaziona kwa mbali, mabonde na mawimbi. Katika Morogoro nzima alikuwepo mmoja tu ambaye ukipitisha kiganja kwenye kazi yake huuoni mshono.

Gereji ya fundi huyo, Anselmi, ilikuwa wazi. Ukutani vitasa vya magari vilikuwa vimetungwa kwenye waya kama samaki, mamia, vya fedha na vyeusi. Katikati ya sakafu alikuwa amekaa mwanamke, mgongo kwenye tairi, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Mkono wake wa kushoto aliulaza mapajani kama kitu kisicho chake.

"Pole, dada," Nasra alisema.

"Na wewe unamtafuta Anselmi?"

"Nataka nimfikie kabla yao."

Mwanamke alimtazama kwa jicho lililobaki. Jina lake lilikuwa Yuliana, dada wa fundi, aliyekuwa akiuza chai na chapati pembeni ya gereji. "Walikuwa wawili, wana Hilux nyeupe. Wamenivunja vidole viwili. Sikusema." Akapumua. "Wewe mtu wa wapi?"

"Mama yangu wa Nyandira, kule milima ya Mgeta."

"Ukoo?"

Nasra akautaja.

Yuliana alifikiri kidogo, kisha kichwa chake kikalala kwenye tairi. "Yuko huko kwenu, kwa mjomba wetu. Ukipita kanisa, panda juu, nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Alikimbia jana aliposikia gari alilolitengeneza si la urembo. Lakini dada, wale watu wameondoka na daftari la namba za simu. Na mjomba akipigiwa na mtu anayejiita mteja, atamwelekeza mpaka mlangoni. Ndivyo alivyo."

"Wameondoka lini?"

"Chai haijapoa."

*

Aliikamata Hilux kwa macho baada ya kuiacha lami ya Sangasanga, doa jeupe juu yake kwenye kona za mlima, likitokea na kupotea. Barabara ya Mgeta haina huruma. Upande mmoja mlima, upande mwingine hewa. Malori ya Fuso yalikuwa yanashuka na kabichi na karoti za kwenda Dar, na kila lori lilipokuja Nasra alijibana kwenye ukingo mpaka magurudumu ya pikipiki yakang'ata mawe yaliyokuwa yakidondoka chini bila kusikika yanapofika.

Ukungu ukashuka. Hilux ikapotea.

Alipoiona tena ilikuwa imesimama chini ya kanisa, tupu, injini bado inatoa mvuke. Kutoka pale hakuna gari linalopanda. Ni njia ya miguu, matuta juu ya matuta, njegere na kabichi zimepandwa mpaka unadhani mtu alizibandika ukutani.

Nasra aliacha pikipiki na kupanda mbio.

Alisikia ukelele mmoja. Mfupi, wa mwanamume.

Mjomba alikuwa kizingitini, mzee mwembamba mwenye sweta ya kijani, ameshika paja linalotoa damu. Hakuuliza Nasra ni nani. Alinyoosha kidole tu kuelekea nyuma ya nyumba.

Kule nyuma, katikati ya kabichi, Anselmi alikuwa amepiga magoti. Mbele yake palikuwa na gogo la kupasulia kuni, na juu ya gogo vidole viwili ambavyo havikuwa tena vyake. Mtu mnene mwenye koti la ngozi alikuwa anafuta panga kwenye majani, bila haraka, kama mtu aliyemaliza kazi.

Aliinua macho. Akaachia panga, akaupeleka mkono kiunoni.

Nasra alimpiga risasi mbili kifuani na moja usoni. Aliangukia kabichi na kuzivunja.

"Fundi. Mimi ni wa serikali. Yuliana ndiye aliyenielekeza."

Anselmi aliubana mkono wake kifuani. "Nimesema," alisema. "Nisamehe. Walipochukua cha pili, nimesema."

"Umesema nini?"

"Waya. Niliacha waya wa kufungulia mlango kwa siri. Leonard aliagiza nisiache, mimi nikaacha. Dereva wake alikuja kusikia. Sasa wanajua ulipo." Akameza mate. "Yule mwenzake amekwenda kutafuta mtandao. Huku haushiki, mpaka kwenye jiwe lile."

Jiwe lilikuwa hatua mia mbili chini yao, limejitokeza kwenye ukungu kama pua. Juu yake alisimama kijana mrefu mwenye fulana nyekundu, simu ameinua juu, anaizungusha taratibu.

Nasra hakufuata njia. Aliruka matuta. Moja, jingine, jingine, udongo unamporomokea nyuma, magoti yanalia. Alifyatua akiwa anakimbia, akakosa. Akafyatua tena. Bastola ikakwama. Kijana aligeuka, akamwona, na wakati huohuo simu ikashika.

"Haloo, bosi? Waya uko—"

Nasra alimvaa kwa uzito wake wote.

Walianguka pamoja tuta la kwanza, wakaanguka la pili. Kijana alikuwa na nguvu na alikuwa na kisu. Kilimwingia Nasra pajani hadi mfupani, akahisi baridi kabla ya maumivu. Alimng'ata kifundo cha mkono mpaka meno yakakutana. Kisu kikamtoka. Kijana akamkaba koo kwa mikono miwili, na ukungu mweupe ukaanza kuwa mweusi pembezoni. Nasra alipapasa pembeni, akapata jiwe, akampiga nalo sikioni. Mikono haikulegea. Akapiga tena. Akapiga mpaka mikono ikalegea, na baada ya hapo akapiga mara moja zaidi, kwa ajili ya Evance.

Alilala kifudifudi anavuta hewa. Karibu na kichwa chake, ndani ya majani ya njegere, simu ilikuwa inaongea.

"Haloo? Wewe, sema. Waya uko wapi?"

Aliitazama. Akanyoosha mkono, akaikata.

Halafu akaketi, damu inachuruzika kwenye suruali, akaanza kuandika ujumbe kwa kidole gumba. *Bosi mtandao mbovu. Waya uko kwenye boneti, mweusi, karibu na taa ya kulia. Fundi tumemmaliza.*

Alipanda tena juu ya jiwe na kuutuma. Ilichukua dakika mbili, na zilikuwa ndefu kuliko mapigano.

*Sawa,* jibu likaja. *Naukata sasa hivi. Shukeni.*

*

Wanawake wa jirani walikuwa wameshafika. Mmoja alimfunga Nasra paja kwa khanga, akavuta fundo kwa goti lake kama anayefunga mzigo wa kuni. Mwingine alikuwa anamfunga Anselmi mkono. Chini kanisani Fuso moja ya karoti ilikuwa tayari kuwashusha fundi na mjomba hospitali, na dereva alikuwa ameanza kupakua magunia bila kuombwa.

"Fundi, naomba unieleze," Nasra alisema, akichuchumaa mbele yake. "Polepole."

Anselmi alifumba macho. Alipoongea, aliongea kama anayeipitia kazi yake kwa vidole. "Tairi la nyuma, kushoto. Ukiingiza mkono juu ya tairi utakuta plastiki ya kuzuia tope. Nyuma yake kuna tundu, linaingia vidole viwili tu. Ndani utakuta kitanzi. Ni waya wa breki ya baiskeli. Vuta kuelekea chini. Ukivuta mbele utakatika, na hakuna mwingine."

"Unafungua mlango upi?"

"Wa nyuma, kushoto. Huo tu. Ya mbele inamtegemea Leonard na rimoti yake, hata dereva wake hatoki mpaka yeye atake. Kwa ndani nimeng'oa vishikio vyote. Kati ya dereva na abiria wameweka kioo."

"Na mzigo?"

"Chini ya buti. Sikuutega mimi, lakini nilimwona aliyeutega. Ni kitufe cha tatu. Rimoti ile haivuki hatua arobaini, nilimwambia iko dhaifu, akasema inatosha."

"Waya huo nani alikuambia uuache?"

"Hakuna. Betri ikifa na mtu yuko ndani, atatokea wapi?" Alifungua macho, akautazama mkono wake uliofungwa. "Gari lisilofunguka ni jeneza. Mimi si seremala wa majeneza."

Nasra alimshika bega, akasimama kwa mguu mmoja, akajaribu wa pili. Ulikubali, kwa shida.

*

Saa nane na nusu, jua la Dumila lilikuwa linapasua. Nasra alilala kifudifudi kati ya mistari ya katani iliyoota bila mwenyewe, bastola aliyokwisha kuikwamua iko kiunoni, miiba ya majani inamchoma mabega. Mbele yake palikuwa na kiwanja cha ndege cha zamani, nyasi na kokoto. Kando ya kiwanja, Crown nyeusi, inang'aa kama imetoka kuoshwa.

"Droni inawaona," Mzee Eustace alisema sikioni. Alikuwa kilometa mbili nyuma na magari manne yaliyofichwa kwenye banda la katani. "Saa tano walifungua boneti. Wamekata kitu, wakapongezana."

"Taa ya kulia haitawaka."

"Paja lako?"

"Lipo."

"Nasra." Ilikuwa nadra kumwita kwa jina. "Ukiona haiwezekani, rudi. Huo si uoga."

"Nimekusikia, mzee."

Hakusema kwamba atarudi.

Ndege ilisikika kabla ya kuonekana. Cessna nyeupe, haina namba mkiani. Ilishuka kutoka upande wa milima, ikagusa ardhi, ikaruka, ikagusa tena. Mlango wa mbele wa Crown ulijitoa kwa mlio mdogo, akashuka Leonard. Alikuwa mtu wa makamo, suruali ya kitambaa, miwani ya jua, bastola waziwazi kiunoni. Rimoti ilikuwa mkononi. Alibonyeza, mlango ukajifunga nyuma yake ukawafungia ndani dereva wake, Twalibu, na Winfrida nyuma ya kioo. Leonard hakugeuka kutazama. Kwake gari lile sasa lilikuwa salama kuliko benki.

Akaanza kutembea kuelekea ndege.

Nasra alihesabu hatua zake. Kumi. Ishirini. Alianza kutambaa. Mlio wa propela ulifunika kila kitu. Thelathini. Alipita chini ya jani la mwisho la katani, mwiba ukamchana shavu kutoka jichoni hadi kidevuni. Arobaini. Alikuwa nyuma ya tairi.

Akaingiza mkono.

Tope kavu. Plastiki. Alitafuta tundu kwa ncha za vidole na hakuliona. Jasho lilimwingia kwenye jeraha la shavu. Kule mbele, mgeni mrefu mwenye kofia ya majani alikuwa anashuka kwenye ndege na kumpa Leonard mkono.

Tundu. Vidole viwili.

Kitanzi.

Alivuta kuelekea chini.

Mlango ulijitoa kama mtu aliyekuwa ameshikilia pumzi. Winfrida alikuwa amejikunja sakafuni, mikono imefungwa kwa waya wa plastiki, miwani haina kioo kimoja. Aliuona uso wa Nasra uliojaa damu, akarudi nyuma kwa hofu.

"Ni mimi. Toka. Usisimame."

Twalibu aliwaona kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Akalalia honi.

Leonard aligeuka.

Nasra alimshika Winfrida ukosi, akamvuta, wakaingia katani kwa tumbo, kisha kwa magoti, kisha wakakimbia. Nyuma yao Leonard aliinua rimoti na kubonyeza. Haikutokea kitu. Alikuwa mbali. Akaanza kulikimbilia gari, mkono umenyooshwa mbele, anabonyeza, anabonyeza. Kutoka pale alipokuwa, mlango ulioachwa wazi ulikuwa upande asiouona. Aliamini mwanamke bado yumo, na aliyemfuata yumo pamoja naye.

Twalibu alielewa kabla yake. Aliacha honi, akaanza kupiga kioo cha mlango kwa ngumi mbili. Alipapasa mlango kwa ndani, juu, chini, pembeni. Palikuwa laini. Nasra aligeuka mara moja na kuuona mdomo wake ukisema neno lilelile, bosi, bosi.

Leonard alibonyeza.

Crown iliinuka kutoka ardhini, ikafunguka kama ua, ikawa moto. Upepo wake uliwatupa Nasra na Winfrida ndani ya mfereji wa zamani wa maji. Vipande vya bati jeusi vilipita juu yao vikikata katani kama mapanga. Kwa muda dunia haikuwa na sauti.

Nasra alijiinua kwa kiwiko. Winfrida alikuwa hai, anakohoa. Nasra akakata waya wa mikononi mwake.

"Lala hapa. Hata ukisikia nini."

Alitoka mferejini akichechemea. Leonard alikuwa amepiga magoti hatua thelathini kutoka kwenye moto, nyusi zimeungua, rimoti bado mkononi. Alimwona Nasra akitokea kwenye moshi. Alitazama gari lake, akamtazama tena, na usoni mwake ikaonekana kwamba sasa ameelewa aliyemlipua ni Twalibu peke yake.

Akachomoa bastola.

Risasi yake ilimpitia Nasra juu ya bega, ikachukua nyama kidogo. Ya Nasra ilimpata goti. Leonard alipiga yowe, akaanguka ubavu, akajaribu kuinua mkono tena.

"Weka chini, Leonard."

"Wewe ni nani?"

"Weka chini."

Hakuweka. Nasra alimpiga risasi mara mbili, kwa utulivu, kama anavyopiga vibao vya mazoezini, na mtu yule hakujaribu tena.

Cessna ilikuwa inageuka. Mgeni mwenye kofia alikuwa anakimbia kando yake, ameshika mlango, mguu mmoja umeshapanda. Nasra aliweka goti zima chini, akashika mkono mmoja kwa mwingine, akasubiri ndege ipite mbele yake ubavu. Zilibaki risasi nne. Ya kwanza ilipotea. Ya pili na ya tatu zilipasua tairi la mbele.

Pua ya ndege ilichimba ardhi. Propela ikalamba kokoto na kuvunjika. Mkia ukainuka, ukazunguka, na mgeni aliyekuwa ananing'inia mlangoni akatupwa chini ya bawa lililokuwa linashuka. Bawa lilimkuta kifuani. Kofia iliendelea peke yake, ikibiringika na upepo.

Rubani alitoka mikono juu, analia.

"Mzee," Nasra alisema. "Njoo sasa."

*

Magari manne yalifika kwa pamoja. Mzee Eustace alishuka wa kwanza, mfupi, mweupe wa mvi, suti ya kaunda iliyojaa vumbi. Alitazama moto, akatazama mgeni chini ya bawa, akamtazama Nasra kutoka shavuni hadi pajani. Alivua koti lake akamfunika Winfrida, ambaye alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mfereji, anajaribu kufuta kioo cha miwani kilichobaki.

"Dodoma ni mwendo wa saa ngapi kutoka hapa?" Winfrida aliuliza.

"Tatu," Mzee Eustace alijibu. "Lakini tutaomba kesi iahirishwe, mama. Huwezi—"

"Sitaki iahirishwe." Alivaa miwani yake yenye kioo kimoja. "Nilichukua sampuli kumi na moja kwa mikono yangu. Nataka nizitaje zote kesho, wale washtakiwa wakiwa wananitazama mmoja mmoja. Twendeni leo."

Mzee Eustace alimfungulia mlango wa Land Cruiser. Winfrida alisimama mbele yake bila kuingia. Baadaye aliingia, akaomba mlango uachwe wazi mpaka watakapoondoka, na askari wawili wakasimama pale pembeni wakiushikilia.

Daktari wa kikosi alimfuata Nasra na mkasi na chupa ya dawa. Nasra alimruhusu afunge bega na paja, akiwa amesimama. Shavu alikataa.

"Fundi amefika hospitali," Mzee Eustace alisema. "Vidole hawakuweza kuvirudisha. Anauliza kama mlango ulifunguka."

"Mwambie ulifunguka mara ya kwanza."

"Nitamwambia." Mzee alitazama chini. "Mkewe Evance yuko nyumbani Morogoro, bado hajui. Nilipanga kumtuma mtu wa ofisi."

"Usitume mtu."

"Nasra, umepoteza damu."

"Nilikuwa naye leo asubuhi, mzee. Ninyi mtamwambia amekufa kazini. Mimi nitamwambia alikuwa anakunywa chai na alikuwa anacheka."

Mzee Eustace alichukua bastola kutoka mkononi mwa Nasra, akaikagua, akamrudishia ikiwa imejazwa.

Nasra aliivaa, akafunga jaketi mpaka juu ili damu isionekane, akaondoka kwa kuchechemea kati ya mistari ya katani kuelekea alikoiegesha Honda. Nyuma yake moto ulikuwa unapungua. Hakugeuka.

Injini ikawaka kwa pigo la pili. Akaelekea Morogoro.